Andalio la Somo, Jumanne

Rezekne, saa tatu usiku. Theluji inapapasa dirisha.
Somo: elimu ya viungo. Darasa la sita.
Muda: dakika arobaini
(thelathini na moja, ukitoa za kufunga kamba za viatu).
Zana: mipira minane, mmoja hauna pumzi;
filimbi ya marehemu Arvids, aliyenirithisha ukumbi
pamoja na paa lake linalovuja.

Lengo mahususi: kufikia mwisho wa kipindi, mwanafunzi aweze

Hapo kalamu inagoma.

Leo mkuu wa shule, Vizma, kanisimamisha ngazini:
"Mitihani imebisha hodi, Skaidrite. Hisabati inaomba kipindi chako.
Kukimbia watakimbia tu, hata bila mwalimu."
"Nitafikiria," nikasema. Jibu la mwoga.

Wiki iliyopita Ilgvars,
asiyenyoosha mkono darasani tangu mama yake aende Ireland kuchuma uyoga,
alianguka kwenye boriti mara nne.
Ya tano akavuka.
Hakushangilia. Masikio yamemwiva,
akarudi nyuma ya foleni, akangoja zamu.

Hilo naliandika safu ipi?

Nafuta "aweze". Naandika: aanguke.
Aanguke mbele ya wenzake wasicheke,
au wacheke, naye ainuke bila kuitwa.
Tathmini: nitasikiliza pumzi.

Kesho nitamwambia Vizma hapana.
Kwa sauti gani, sijui bado.
Boriti nitaitoa pembeni,
niiweke katikati ya ukumbi,
na ndoo pale paa linapodondosha.