Chuma Mwenyewe

Muriithi aliandika kibao kwa rangi iliyobaki ya lango,
CHUMA MWENYEWE, herufi kubwa za bluu,
akakifunga kwa waya kwenye ua wa kayaba.
Mtu wa kwanza kufika alisukuma mkokoteni:
rimu mbili za baiskeli, jiko bovu, springi za kitanda.
"Nimeleta chuma," akasema, akifuta jasho.
"Mwenyewe yuko?"

Nilicheka hadi nikashika kiuno.
Nikampa maji, nikamwekea stroberi tano kiganjani,
akazitazama kama mtu aliyekabidhiwa shanga za mwenzake.
Kesho yake Muriithi akaongeza neno, STROBERI,
likabanwa pembeni, likakosa nafasi ya herufi ya mwisho.

Kaka yangu Ndegwa alikuwa ameshaipima kwa hatua
hii nusu ekari yetu ya Waithaka:
vyumba kumi na vinne vya mabati, choo kila upande,
kodi kila tarehe tano.
Hesabu yake haikuwa mbaya.
Yangu ndiyo iliyovuja:
miche elfu mbili kwa mkopo wa chama,
nyasi kavu za kutandika, wavu wa kuzuia kuzumburu,
maji ya bauza siku mfereji ukikohoa hewa.
Miezi minne nilishindia sukuma wiki na simu za mweka hazina.

Kisha Jumamosi zikaanza kupiga honi langoni.
Wakaja wa Kilimani, wa Lang'ata, wa Buruburu,
viatu vyeupe, kofia za jua,
watoto wasiojua kwamba tunda hujificha chini ya jani.
Nawapa ndoo na masharti mawili:
usikanyage tuta,
kata kikonyo kwa ukucha, usivute.
Unachokula ukiwa shambani sikutozi.
"Utafilisika," Ndegwa akasema.
Huenda. Kuna kale kasichana, Kendi,
kalirudi na ndoo tupu na wekundu hadi masikioni,
mama yake akaona haya, akafungua mkoba.
Nikamwambia, wiki ijayo nitampandisha mizani
akiingia, na tena akitoka.

Mama yangu alichuma kahawa ya watu, huko Kiambu.
Debe lililofurika lilihesabiwa moja,
lililopungua vidole viwili lilihesabiwa hewa.
Mama alichuma, wengine wakachuma.
Lugha hii haina neno la pili la kututenganisha.

Jumapili moja akaja Nasambu, peke yake, kwa miguu.
Alichukua tuta la mwisho, lile wanaloliogopa kwa matope.
Mikono yake ilitangulia macho.
Ndoo ilijaa wenzake wakiwa bado wanapigana picha.
Nikamuuliza alikojifunzia.
"Naivasha. Maua. Miaka kumi na mmoja,
wakituhesabia mashina."
Akanyoosha mgongo pole pole, kama anayekunjua barua.
"Leo ndiyo mara ya kwanza nainama nikitoa pesa."
Na unaonaje?
Akafikiri.
"Mgongo unauma vilevile.
Ila hakuna anayepuliza kipenga."

Nilitaka kumsamehe bei. Akasukuma ndoo mezani.
"Pima."
Nikapima. Kilo tatu na robo.
Nikazungusha ile robo ipotee, akaiona, akailipa.

Jioni nahesabu. Bado sijafikia kodi ya vyumba kumi na vinne;
siku nyingine sifikii hata ya vinne.
Deni la chama limebaki mkia.
Kucha zangu haziwi safi tena,
na konokono wanakula usiku bila ndoo, bila masharti.

Jana yule wa mkokoteni alirudi,
na chupa ya jemu iliyooshwa ikang'aa.
"Leo sina chuma," akasema. "Nimekuja kuchuma."
Nikafungua lango.
Huo mkokoteni uache nje, nikamwambia,
matuta ni membamba.