Nyayo za Penseli

Zimefika Grimsby kwa bahasha iliyochakaa,
karatasi ishirini na tatu za daftari la hesabu,
kila moja na mguu uliozungushiwa penseli,
jina, umri, na mkwaruzo
pale mtoto alipotekenyeka akacheka.

Tunazipanga sakafuni, ukumbi wa kanisa, hita inakohoa.
Enid, mshona nyavu mstaafu, anapiga magoti kwa shida.
"Meli ni miezi miwili. Tuongeze kidole kimoja.
Miguu haingoji posta."

Namtafsiria barua ya mlezi, Bi Tweve:
mahindi yamebaki gunia moja na nusu,
mabati ya bweni yameng'olewa na upepo,
zahanati ni mwendo wa saa nne, na baridi ya Makete
inauma vidole kama siafu.
Ahsanteni kwa sweta. Ile isiyo na tundu la kichwa
tumeifanya mto.
Enid anacheka hadi anafuta miwani. Ilikuwa yake.

Karatasi ya kumi na saba. Tulizo, miaka tisa.
Naujua mguu huu: kidole cha pili kimezidi gumba,
kama cha marehemu dada,
kama changu, ndani ya buti la kiwandani linalonuka samaki.
Enid anaulinganisha na wa mwaka jana.
Haujakua.

"Labda penseli ya mwaka jana ilikuwa nene,"
anasema, bila kuniangalia.
Labda, nasema.
Mwaka wa sita sijamwambia mtu hapa ni mtoto wa nani.

Naandika: Tulizo, namba thelathini.
Nafuta. Thelathini na moja.