Kibogoyo

Tangu Machi mwaka juzi gari langu halijazeeka.
Namba ziligoma kwenye elfu themanini na saba mia nne kumi na tatu
(laki mbili za kwanza mita ilikwisha kuzisahau yenyewe),
zikabana hapo, kama karani aliyefia kazini kalamu mkononi,
nami nikaendelea kuendesha
bila risiti.

Jumamosi hii nimeamua.
Nimetandaza gazeti juu ya meza ya jikoni, hapa Makongeni,
nimesogeza chapati za jana,
nimepanga bisibisi mbili, kibano cha nyusi,
kikombe kisicho na mkono cha kutilia skrubu.
Simiyu ameshika tochi. Ana miaka tisa.
Tochi yake inamulika kila kitu
isipokuwa ninachokitazama.

Dashibodi ya Pijo haitoki kwa hasira.
Kebo kwanza, ikumbatie, izungushe kushoto,
kisha skrubu nne; ya nne kaificha nyuma ya redio
fundi mmoja huko ng'ambo
aliyejua siku moja nitapiga magoti.

Ndani, vumbi la Athi River
na gia nyeusi, ndogo kama tembe ya malaria.
Kibogoyo.
Meno matatu yamebaki. Mengine yamekuwa unga,
nimeukung'uta juu ya matangazo ya vifo.

"Hiki ndicho kilikuwa kinahesabu?"
Ndicho. Gari zima, tani moja na ushei,
lilikuwa likiripoti kwa hiki.

Kuria dalali alipita asubuhi, akaegemea mlango:
"Mama Nafuna, maadamu umefungua,
irudishe hadi elfu thelathini. Nani atakuapisha?"
Miaka thelathini na mmoja, stoo ya reli,
nimehesabu mataruma, misumari, taa za mkono,
sikubeba nyumbani hata nati.
Leo niiibie barabara?

Gichuhi wa Kirinyaga Road alinichimbulia gia nyingine
kwenye bakuli la redio kaseti zilizokufa.
Meno kumi na matano, sawasawa.
Alidai mia tatu. Nilimwachia mia na hamsini
na salamu kwa mkewe.

Imeingia. Lakini kabla ya kufunga
namba zinateleza chini ya kidole changu, laini,
tayari kusema lolote nitakalo.
Mali bila daftari huisha bila habari.
Nimeleta daftari.

Hospitali ya Kenyatta, kumi na mbili kwenda na kurudi,
mara arobaini na moja. Mia nne tisini na mbili.
Bungoma, nyuma ya gari lililombeba Makokha: mia nne.
Kurudi: mia nne,
ingawa nilidhani barabara imeongezwa.
Soko, kanisa, Kitengela kwa Nafuna alipojifungua,
nimekadiria, Mungu anisamehe, elfu mbili mia moja na hamsini.

Halafu kalamu ikasita.
Siku ile injini ilipozimika Rironi
nikavutwa kwa kamba hadi nyumbani. Thelathini na tano.
Magurudumu yalizunguka, lakini si kwa nguvu zangu.
Hizo nazo zinahesabiwa?

Simiyu amefikiri, tochi ikimulika dari.
"Ulikuwa ndani?"
Nilikuwa ndani. Nilishika usukani.
"Basi zinahesabiwa."

Elfu tisini, mia nane na tisini.
Nimeziviringisha moja moja kwa kibano,
nimefunga skrubu zote, hata ile ya nne,
na skrubu moja imebaki kikombeni
ambayo hakuna anayejua ilikotoka.

Jioni tumetoka polepole kuelekea Jogoo Road,
magari yakitupigia honi,
Simiyu kaegemea mkononi mwangu, jicho limeganda kwenye kioo.
"Bado," anasema.
"Bado."
Kisha amenyamaza, ananipigapiga goti,
kwa sababu sifuri imeinama,
na chini yake
moja inachungulia.