Gia ya Pili

Sudbury, Januari, nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.
Odile Lafrenière kaileta pikapu yake gereji kwa gia ya kwanza,
kilomita tisa, ya kwanza tupu,
taa za hatari zikipepesa njia nzima,
kwa sababu ya pili, anasema, asubuhi haimtambui.
"Mpaka saa nne ndipo inanikumbuka."

Umetia oili gani?
Ya kaka yangu wa Timmins. Ya difu, nzito, ya tisini.
Giaboksi ilikuwa inalia.

Nikafanya jambo ambalo bosi halipendi, maana halina risiti:
nikaosha chupa nne za jemu,
nikazijaza, nikaacha kipande cha hewa chini ya kila kifuniko,
nikazipanga nje ya dirisha, juu ya theluji.
Tukanywa kahawa. Tukaongea habari za magoti yake.

Dakika arobaini baadaye nikazipindua, moja moja,
tuone kiputo kitapandaje.

Ile nyekundu, ya gia otomatiki:
kiputo kiliruka kama mtoto aliyesikia kengele ya mwisho.
Yapo magari yanayoitaka. Kitabu cha hili hakiitaji.
Ya injini ikapanda kwa adabu, ikisimama njiani kusalimia.
Ya tatu, sabini na tano kwa themanini,
ilikuwa asali ya Tabora asubuhi ya kipupwe:
haina haraka, lakini inafika,
na mimi, sijui kwa nini, nikaipindua tena.

Ya kaka wa Timmins haikwenda popote.
Tulingoja. Odile akavaa miwani.
Kiputo kilikuwa pale chini, jicho ndani ya mlenda uliolala,
kikitutazama.

Nikamwambia: tatizo si uzito peke yake.
Humo ndani kuna pete ya shaba ya manjano, kubwa kama bangili.
Kabla gia hazijakutana, pete hutangulia,
huikamata ile inayokimbia shingoni, huipunguza mwendo,
hadi zote mbili zizunguke sawa. Ndipo zinaingiana.
Oili ikiwa nzito mno, pete inachelewa.
Ikiwa telezi mno, inawahi lakini haishiki, mkono wenye sabuni.
Utelezi wote huu tunaoununua kwa lita,
na bado pana mahali pamoja ambapo lazima pakwaruze.

Na ya difu ina salfa nyingi, nikasema. Hiyo huila shaba, taratibu.

Akacheka, kicheko kikavu cha miaka ishirini na sita
mbele ya tanuri la nikeli.
"Salfa? Mimi unanifundisha salfa?
Ilikula miti yetu yote. Mawe yalibaki meusi.
Nilikuwa msichana mkubwa kabla sijajua
kwamba jiwe kwa kawaida ni la kijivu."

Nikafungua nati ya chini.
Oili ilining'inia kwanza, ikifikiri,
kisha ikashuka kamba moja nene hadi kwenye beseni,
na ndani yake vumbi la manjano likimeta.
Nilitia sumaku. Sumaku haikulitaka.
Odile aliliona. Hakuuliza.

Nikamwekea ya tatu, lita mbili na robo,
hadi ikachuruzika kidogo tunduni, nikafunga.

Kesho yake simu, saa moja kasoro, giza bado.
"Ya pili imeingia," anasema. "Kama kijiko kwenye siagi."
Kimya. Nasikia injini nyuma ya sauti yake.
"Ila sasa inalia tena."

Ilikuwa inalia siku zote, Odile.
Ile nzito iliiziba mdomo tu.
Usizime. Shusha simu karibu na sakafu, hapo kwenye mguu wa gia,
endesha polepole,
nisikie ni beringi ipi.