Hana Sifa

Kishikwambi kilinipa maswali arobaini na moja,
nami nikayapeleka kwa Somoe Nang'ombe, Kitangari,
Jumanne ya Agosti, saa nne kasoro.
Nilimkuta chini, miguu kainyoosha mkekani,
anabangua korosho za watu.

Paa?
Bati.
Hapo hapo alama zikashuka, nikaziona zikishuka
kama maji kwenye ndoo yenye tundu.
Nilitaka kuandika: bati kumi na nane, geji nyembamba,
za mwaka ule korosho iliponunulika hadi vichaa wakanunua viatu;
mbili kang'oa upepo, moja imefunika shimo la choo,
na chini yake hakuna kitanda.
Lakini kisanduku kinapokea alama ya vema tu,
na vema ni vema.

Kipato cha mwezi?
"Mwezi upi, mwanangu? Novemba mimi tajiri."
Akacheka, akapuliza maganda.
Novemba chama kilimlipa mnada wa pili,
laki saba na arobaini, ikiwa imeshakatwa
ushuru, magunia, salfa ya mkopo.
Ikalala benki usiku mmoja.
Asubuhi ikatawanyika: deni la duka la Chipila,
sanda ya mdogo wake, sare za wajukuu,
na maji, ndoo kwa ndoo, ya wale vijana wa baiskeli
wanaopanda na kilima wakihema.
"Februari nina mvua. Julai nina ming'oko.
Agosti nina ming'oko ya mbali zaidi."

Mashine ikaichukua Novemba, ikaigawa kwa kumi na mbili,
kila mwezi ukapewa kipande chake, sawa kwa sawa,
kama biskuti za watoto siku ya maulidi.
Njaa haikusoma kugawanya.

Milo?
"Miwili." Halafu akasita.
"Ming'oko nayo ni mlo, au ni kutafuna tu?"
Nikapekua orodha: ugali, wali, ndizi, viazi.
Porini haikufika.

Nyumba ya tatu nyuma, Bwana Mkwachu
alihamia kwenye kibanda cha jiko kabla sijabisha hodi,
yeye na mkewe na redio waliyoifunika kanga.
Paa: nyasi. Nikaandika nyasi.
Nilijua. Mashine ilimpenda.
Somoe yeye ndiye aliyeniita nikiwa nafunga begi:
"Usisahau kuku. Yupo mmoja, anatamia."

Nikabonyeza. Duara likazunguka, likazunguka,
mtandao wa huku nao una maringo,
kisha kwa herufi nyekundu:
HANA SIFA.

"Imesemaje?"

Mikono hii ndiyo iliyonidaka nikitoka kwa mama,
taa imeisha mafuta, mvua inapiga.
Imeosha maiti za wanawake wa mtaa mzima
bila kuuliza walilala chini ya paa gani.
Wapo wasichana walioitwa Somoe kwa ajili yake,
watatu niliwaandika asubuhi hiyo hiyo.

"Imesema tusubiri," nikamwambia.
Swali la arobaini na mbili halikuwepo,
lile ambalo ningejibu mimi.

Akanimiminia kiganjani korosho zilizovunjika,
"Chukua. Vipande wenyewe hawavihesabu."
Nikavitafuna njiani, vyote,
kabla sijafika nyumba inayofuata.