Ukurasa wa Kushoto

Matanga yalipokwisha nikapewa kazi ya kukusanya madeni.
Wewe ndiye uliyesoma, walisema, wewe ndiye unajua hesabu.
Nikashuka Kadutu na daftari la shangazi kwapani,
jalada lake limelainika kwa mafuta ya mawese,
linanuka sambaza kavu na sabuni ya kipande.

Kulia, madeni.
Balola mwashi: unga, vikombe viwili.
Mama Cirhuza: makala, chumvi, mshumaa mmoja.
Ntakwinja wa kule juu: mafuta, kifuniko kimoja cha chupa.
(Ndiyo, aliuza hata kwa kifuniko. Na kifuniko kilijaa.)

Kushoto, ambako hesabu haikufika, kulikuwa na maneno,
herufi zimeegemeana kama nyumba zetu mlimani.

Kando ya Balola:
“Huku kwetu paa la mmoja ni kizingiti cha mwenzake.
Ukitoka alfajiri, kanyaga kama mtu anayejua
kwamba chini kuna mtoto amelala.”

Wiki ya kampeni, naikumbuka, sote tulipewa kofia:
“Bomba limefika. Maji bado yanahesabu kura.”
Na chini yake, kwa kalamu nyingine, miaka mitatu baadaye:
“Kofia imechanika. Bomba lingali jipya.”

Kuna mstari aliukata mara mbili.
Niliumulika kwa simu:
“Wakubwa hawatudanganyi. Wanakopa masikio yetu, hawarudishi.”
Sijui kwa nini aliukata.
Pengine siku ile mwenye bunduki alisimama dukani
akichagua sigara polepole.

Halafu Mugisho, aliyetaka kulipia mkate kwa mashairi.
Deni lake liliandikwa kama la wengine, bila mzaha, kwa franka.
Ila kushoto:
“Mshairi ni muuza chumvi, hashibishi mtu.
Mfukuze mtaani, uone kula kunavyogeuka kazi.”
Na pembeni, kwa haraka:
“La leo refu mno. Nusu mkate.”

Mshumaa wa Mama Cirhuza una tarehe.
Ni usiku uliofuata ule moto,
mabati yalipokuwa bado yanatoa sauti yakipoa.
Duka lilijaa watu wenye majivu kwenye nyusi,
nami, mtoto, nilikaa juu ya gunia la maharagwe
nikimwona shangazi ameinamia mizani, hainui kichwa.
Nilidhani anachunga gramu.
“Ukimpa mtu unga, itazame mizani. Usimtazame yeye.”

Nilikuwa nimeshabisha milango sita.
Nilikuwa na orodha, na jumla yake,
na jumla ilikuwa sahihi.

Ukurasa wa mwisho, kulia, jina langu.
Ada ya chuo, mihula minne. Kiasi hakikuandikwa.
Kushoto, kwa mkono uliokwisha kutetemeka:
“Huyu ndiye watakayemtuma. Akosee hesabu, Mungu wangu.”

Mvua ya Bukavu haibishi hodi.
Ilinikuta kwenye ngazi za udongo, karibu na kwa Ntakwinja,
nikavutwa ndani kwa mkono, pamoja na daftari.
Hakuna aliyeuliza nilichofuata.
Wakaniwekea bugali, wakaniwekea sombe,
na niliponyoosha mikono kupokea,
nyumba nzima, mpaka mtoto wa mgongoni,
ikageukia mlangoni
kuitazama mvua.