Upande wa Pili, Wimbo wa Tatu

Iliingia kwetu ndani ya mfuko wa unga,
nyuma ya uwanja wa ndege, Malindi:
kanda uchi, haina kasha, jina limefutika kwa jasho.
Mjomba Jefwa aliipokea kwa mpishi wa hoteli ya Wataliano
badala ya deni la majogoo wawili.
"Kuku huliwa wakaisha," alisema. "Hii itaimba."

Upande wa pili, wimbo wa tatu.
Kabla ya wimbo, kikohozi cha mtu,
labda mpishi mwenyewe alipokuwa akinakili.
Tulikingoja kama watu wanavyongoja jina lao kwenye salamu za redio.
Kisha gitaa, cha, cha,
na besi ikitembea chini chini
kama mtu anayetafuta ufunguo gizani na hana haraka.

Mama alikuwa kwenye cherehani.
Kiingereza chake kiliishia kwenye inchi na zipu,
lakini mguu wake ulijua pale mdundo unapojizuia
usikanyage palipotegemewa.
Sare za shule mwaka ule zilishonwa kwa rege.
Ungezikagua vizuri ungeona: kila mshono wa tatu una uzito.

Na baba, mguu mmoja mfupi
tangu lori la chumvi limkanyage Gongoni.
Usiku tulimsikia kwenye kokoto:
kishindo, kimya,
kishindo.
"Huyo anakuja," mama akisema, "anatembea kama ule wimbo."
Nilikuwa darasa la pili. Sikumwona tena kiwete.

Mvua za mwezi wa tano redio ikaitafuna kanda.
Jefwa aliifungua kwa bisibisi ya miwani,
akakata palipokunjika, upana wa vidole viwili,
akaunga kwa rangi ya kucha ya dada Nyevu.
Tangu hapo mwimbaji akifika kwenye kiitikio
anavuta pumzi, anaanza neno,
neno linaruka ukuta
na kuangukia katikati ya jingine.
Tukaimba vivyo hivyo, na pengo lake.
Mtaa mzima uliimba na pengo lake,
hata kina Kitsao waliofuga rasta kwa siri
ndani ya kofia za sufi, joto lote lile.

Maneno mengine hatukuyajua, tukatia yetu.
Moja tu halikuhitaji mfasiri: Babeli.
Mama aliijua kutoka kanisani.
Sisi tuliijua siku ilipokuja,
Jumanne, kabla ya chai,
ikiwa na tingatinga la manjano na karatasi ya mahakama
na jina la mwenye shamba ambaye hakuna aliyewahi kumwona.

Mama alibeba cherehani kichwani.
Baba alibeba mlango.
Jefwa alibeba redio, betri zimelegea,
sauti imekuwa nzito, ya kuburuta,
kama mtu mzima anayelia na hataki watoto wajue.
Tuliimba. Tulipofika kwenye pengo
watu mia mbili walinyamaza pamoja,
ukasikika mgongo wa nyumba ya Mzee Changawa ukivunjika,
tukaendelea.
Askari mmoja, kijana, ndevu hazijakomaa,
buti lake lilikuwa likipiga pale pale pa tatu.
Akaona ninamtazama. Akaubana mguu.

Juzi niko duka la dawa, nangoja vidonge vya presha vya mama,
wimbo ukatoka kwenye spika juu ya friji,
mzima, msafi, hauna kikohozi.
Nikajikuta nimeshika kaunta.
Kiitikio kikaja. Pengo halikuja.
Maneno manne, mepesi,
ya mtu anayemwambia mwenziwe wataonana kesho.
Miaka thelathini yalikuwa wapi?
Kwenye sakafu ya udongo, nadhani,
yamefagiliwa pamoja na vipande vya nyuzi.

Nilimpelekea mama kwenye simu.
Akasikiliza, jicho limefumba,
kidole cha mguu kikihesabu chini ya leso,
mpaka pale.
Akafumbua.
"Wamekosea," akasema.
"Hapo wameongeza."